Sifuri Nukta Mbili

Dundee, Februari, saa kumi na moja na giza limeshaingia,
bomba la joto linagonga ukutani kama mgeni asiyeitikiwa hodi.
Ghorofa ya tatu tunamlea kiumbe asiye na mwili:
niuroni elfu nne za hesabu, zimefumwa kuigiza ubongo,
na kwenye skrini yeye ni doa dogo la buluu.
Nimemwita Nukta.

Ana njaa, kwa kuwa nimemwandikia njaa,
namba inayopanda kila asipokula.
Ana woga pia. Tumempa kifundo chenye umbo la lozi,
mfano wa hiki chetu kilichojificha usawa wa masikio;
akipita penye mwanga mkali, lozi linawaka, naye hurudi nyuma.
Sukari iko mwisho wa kichochoro cha saba.
Anaijua. Ameila mara mia mbili.

Kilichobaki ni kile cha katikati,
kinachoondoka kwenye kujua kikafika kwenye kuinuka.
Profesa Struan alitaka jina lake kwenye msimbo, fupi, lisilo na nafasi.
Nikaandika *hamu*.
"Ndiyo nini hiyo?"
Nikasema si uchu, uchu una mate.
Si ari, ari hupenda watazamaji.
Si shauku, hiyo hailali.
Hamu ni ile ambayo ikikuishia, chakula kipo, mkono upo,
na baina yao pana safari.
Akatazama dirishani, ukungu wa mto Tay umelalia daraja.
"Iache," akasema. "Herufi nne zinatosha."

Jana usiku niliishusha. Sifuri nukta tano. Sifuri nukta tatu.
Kwenye sifuri nukta mbili, Nukta akasimama.
Hakupotea. Nilifungua ramani yake ya ndani:
njia yote inawaka, kona kwa kona, hadi kwenye sukari.
Njaa ikapanda mpaka ikagonga dari ya grafu.
Akakaa.
Eilidh, wa meza ya pili, akaacha kutafuna tufaha lake:
"Ana huzuni?"
Nikajibu kitaalamu: hapana, amepungukiwa namba.
Kisha nikaenda chooni, nikafungua bomba,
nikayaacha maji yaende.

Maana Novemba, baada ya ile simu kutoka Korogwe,
nami nilijua birika lilipo.
Nilijua swichi, nilijua majani ya chai, kopo la pili kushoto.
Siku nne nililitazama kutoka kitandani,
ramani yote inawaka.

Hakuna aliyenipandishia namba.
Alikuja Bi Petrie wa ghorofa ya chini na supu ya shayiri,
hakuuliza habari za moyo,
alisema tu, akiyakata maneno kama mkate mkavu:
"Bakuli ni la mama yangu. Nalitaka Ijumaa."
Ijumaa nikainuka.
Si kwa supu, supu ilikuwa imeshaganda.
Niliinuliwa na deni
la udongo wenye ufa mmoja na maua mawili yaliyofifia.

Sasa hilo unaliandikaje?
Leo nimejaribu. Kichochoro cha pili nimemwekea Nukta kitu
kisicholika, kisichong'aa,
chenye mwenyewe na siku ya kurudishwa.
Majaribio arobaini, hakukigeukia.
La arobaini na moja aligeuka nyuzi kumi, akasita,
na huenda ni kelele tu za namba nasibu;
ndivyo nitakavyoandika kwenye ripoti.

Eilidh amezima taa yake.
Ningeandika sifuri nukta saba
doa lingeikimbilia sukari kabla sijafunga vifungo vya koti.
Sijaandika. Nimeiacha mashine ihesabu hadi asubuhi.
Njiani nanunua maharage, na kopo la tui.
Lile bakuli limepanda na kushuka ngazi tangu siku ile,
na kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu.
Leo Alhamisi.